Sura ya Kumi na Moja: Karatasi ya Katikati

Mzee Kucha alilinusa jarida kabla ya kuligusa. Aliinama juu ya meza, mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kushika vyombo, akavuta pumzi kuanzia juu ya jalada hadi chini, kisha akainuka na kutikisa kichwa.

"Nani kakwambia hili lina hali nzuri sana?"

"Muuzaji," Inspekta alijibu. "Ndivyo alivyoandika mtandaoni. Hali nzuri sana, kurasa zote zipo, halijaandikwa."

"Basi huyo muuzaji macho yake ni ya kupambia uso tu."

Inspekta hakucheka. Alikuwa amesimama kwa sababu kiti pekee cha wageni kilikuwa kimekaliwa na rundo la majarida, na mwenye chumba hakuonyesha dalili ya kuliondoa. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya kiwanda kidogo cha kadi za harusi, na mashine iligonga upande wa pili wa ukuta bila kupumzika. Mzee huyu alikuwa amefunga majarida, na hili likiwemo, kwenye kiwanda cha uchapaji miaka kumi na tisa kabla ya kustaafu. Siku hizi watu walionunua majarida ya zamani mtandaoni wakagombana na wauzaji wao, walimletea yeye aamue nani kadanganywa. Jina la Kucha alilipata kwa ukucha wa dole gumba la kulia, aliouacha ukue ili afunulie kurasa bila kuzikunja.

"Sikuja kugombana na muuzaji," Inspekta alisema. "Katikati kuna fumbo la maneno. Limejazwa kwa kalamu. Nataka kujua jarida hili limepitia wapi."

"Aliyejaza ni nani?"

"Binti wa watu. Alipotea miaka minne iliyopita."

Mzee Kucha alitazama tarehe kwenye jalada, midomo ikimcheza kwa kuhesabu. "Hili lilitoka miaka miwili iliyopita."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo miaka miwili baada ya kupotea alikuwa hai."

"Ndiyo maana niko hapa, mzee."

Faili la binti huyo Inspekta alilijua neno kwa neno, na halikuwa faili la kujivunia. Muuguzi, umri miaka ishirini na saba. Alhamisi, tarehe kumi na tatu, saa kumi na mbili asubuhi, mumewe alimpeleka stendi apande basi kwenda kwenye usaili wa kazi mji mwingine. Hakufika. Mume alieleza kwamba mkewe alikuwa amebadilika siku hizo, hata majarida aliyoyakusanya tangu shule alikuwa ameyagawa kwa watu kabla ya kuondoka. Wakubwa wa Inspekta walisoma maelezo hayo, wakaamua kwamba mtu mzima kaenda zake kwa hiari yake, wakafunga faili na kwenda kula. Yeye mwenyewe alitia sahihi chini yao. Tangu hapo mume huyo alimpigia simu kila mwezi, kwa adabu zote, kuuliza kama kuna jipya.

Mama wa binti hakufunga kitu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, na mtoto wake ndiye huyo mmoja tu. Alianza kuyanunua majarida yaleyale mtandaoni, moja moja, ili binti akirudi akute rafu imejaa. Mkwe ndiye aliyemwekea lile duka la mtandaoni kwenye simu na kumfundisha mahali pa kubonyeza.

Wiki tatu zilizopita kifurushi kilimfikia. Ndani yake toleo namba 522 la jarida la wiki liitwalo Jirani. Mama alikuta fumbo limejazwa, akakasirika, akampa muuzaji nyota moja. Kisha akavaa miwani. Kwenye kona ya juu ya fumbo paliandikwa 2:10. Yeye na binti yake walikuwa wakishindana kujaza fumbo hilo kila wiki, asubuhi ileile jarida linapotoka, kila mmoja nyumbani kwake, na kwenye kona walizoea kuandika saa ya kuanza, kisha mstari, kisha saa ya kumaliza. Mwandiko ulikuwa wa binti. Ila saa ya kumaliza haikuwepo, na miraba kadhaa ilikuwa mitupu.

Juu ya jalada kulikuwa na muhuri wa nyumba ya wageni ya mji wa mbali: Mali ya sebule, usiondoke nalo. Kwa muhuri huo Inspekta aliomba faili lifunguliwe tena, akaomba madaftari ya wageni, akapiga simu mpaka mhudumu wa huko akaanza kumwita dada. Kwa muhuri huohuo mama alikata tiketi ya kwenda huko. Basi lake lilikuwa la kesho asubuhi, na begi lilikuwa mlangoni tangu juzi.

Mzee Kucha alijifuta mikono kwa kitambaa kikavu, akawasha taa ya meza, akalilaza jarida kwa upande.

"Limelowa mara moja, pembe ya chini. Limekaushwa juani. Pini zimeshika kutu." Alisema kama daktari anayepita kitanda kwa kitanda. Ukucha ukaanza kufunua. "Unaona? Kutu imepenya karatasi zote. Ukurasa wa sita, wa kumi, wa ishirini. Wa thelathini."

Akafika katikati, ukucha ukasimama. Akachukua kioo cha kukuzia. Upande wa pili wa ukuta mashine ilitema kadi kumi, ishirini, na mzee bado ameinama.

"Afande, hapa kutu imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

"Jarida hili ni karatasi kumi na sita zilizokunjwa na kubanwa pamoja. Kumi na tano zina doa la kutu kuzunguka pini. Hii ya kumi na sita, ya katikati, ndiyo imelaliwa na miguu ya pini zenyewe. Ilitakiwa iwe chafu kuliko zote. Ukiondoa doa la chai pembeni, ni safi." Akamsogezea kioo. "Pini mbili, miguu minne, matundu manne. Hebu yahesabu ya hii."

Inspekta aliinama. Alihesabu, akarudia.

"Manane."

"Manane. Karatasi hii ilishafungwa mahali pengine kabla ya kuja humu. Sisi wa kazi hii tunasema jarida limeozeshwa, limepewa mwenzi asiye wake."

"Sijakuelewa."

"Fumbo la Jirani lilikuwa na zawadi. Wasomaji walikuwa wanalichomoa wanalituma kwa posta, kila wiki, magunia kwa magunia. Ndiyo maana Jirani la zamani ukilikuta, karibu kila mara halina karatasi ya katikati. Na jarida lenye pengo linashuka daraja. Linakuwa la kusomeka tu, au la kufungia vitumbua vya watu. Sasa muuzaji mjanja anafanyaje? Anachomoa katikati ya toleo jingine lililoharibika, anaichomeka humu. Kurasa zinatimia sitini na nne. Anaandika hali nzuri sana, anakula bei."

"Si msomaji ataona habari haziendelei?"

"Ukurasa wa 31 ni tangazo la sabuni. Wa 34 ni rangi ya nywele. Miaka tisa hayakubadilika. Kati yake ni fumbo, na fumbo halina namba wala tarehe. Nani ataona?"

Inspekta alikuwa amekaa na jarida hilo mezani kwake karibu wiki tatu, na hakuona. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amekesha na muhuri wa jalada, wakati jalada na fumbo havikuwa hata ndugu.

"Kwa hiyo fumbo hili ni la toleo gani?"

"Karatasi yenyewe haisemi."

"Majibu yalikuwa yanatoka lini?"

Mzee Kucha alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. "Wiki inayofuata," alisema taratibu. "Ukurasa wa sitini."

Rundo likaondoka kitini bila kuombwa. Mzee alivuta maboksi kutoka chini ya rafu, Inspekta akafungua daftari na kuandika maneno mawili ya kwanza ya binti: MIZANI kwenda kulia, MSUMARI kwenda chini. Walianza na toleo namba 523, ambalo lilipaswa kuwa na majibu kama jalada lingekuwa kweli. Neno la kwanza kulia lilikuwa KABATI.

"Tuanzie 400," Inspekta alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Hapo ndipo alipokuwa bado nyumbani."

Walifunua ukurasa wa sitini wa kila toleo, mmoja anasoma, mwingine anakataa. Bakuli. Hapana. Ratiba. Hapana. Kila hapana ilimpa Inspekta ahueni kidogo, kwa sababu namba zilikuwa zinapanda, na kila toleo lililopanda lilikuwa wiki moja zaidi ya uhai. 412. 415. 418, hapana. Mzee Kucha akafunua 419, akafuata mstari kwa ukucha, kisha akasoma.

"Mizani. Kwenda chini, msumari."

Inspekta alilinganisha neno moja moja. Kila alichoandika binti kilikuwa sahihi. Hakukosea hata herufi. Maneno matatu tu hakuyajaza. Aliyanakili na hayo pamoja na maelezo yake, kwa sababu ripoti hutaka kila kitu.

"Majibu yako 419. Basi fumbo ni la 418," alisema. "Nipe tarehe."

Mzee alishaligeuza jalada. "Ijumaa. Tarehe kumi na nne."

"Mumewe anasema aliondoka Alhamisi, tarehe kumi na tatu. Saa kumi na mbili asubuhi." Inspekta alisema polepole, kila neno peke yake. "Jarida liliweza kumfikia Alhamisi?"

"Wapi! Malori tulikuwa tunayapakia Alhamisi jioni, na mlangoni tunapekuliwa, mtu asitoke nalo hata kwa mkewe. Kwa wauza magazeti lilifika Ijumaa asubuhi. Miaka yote niliyolifunga, halikuwahi kutoka Alhamisi hata mara moja." Akavua miwani. "Sasa hii ni habari njema au mbaya?"

"Nilipoingia hapa nilikuwa na miaka miwili," Inspekta alisema. "Sasa nina siku moja."

Mzee Kucha alilifunga toleo la 418 taratibu. Akachukua kalamu na fomu yake ya kupima hali, ile anayowapa wagomvi wote. "Niandike daraja gani?"

"Andika ulichoona, mzee. Weka sahihi na tarehe."

Akaandika: Limeozeshwa. Si zima.

*

Ulibaki uzi mmoja, na Inspekta aliushika njia nzima, ingawa alijua ni mwembamba. Binti angeweza kuondoka Alhamisi kama mumewe alivyosema, akalala mahali, akanunua Jirani Ijumaa asubuhi huko alikofika. Kama karatasi ile ilimfikia muuzaji kutoka mbali, mume alikuwa mkweli na binti alikuwa na siku nyingine mbele yake. Kila kitu kilitegemea boksi.

Muuzaji alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikuwa sebuleni, na chumba cha pili kilikuwa kimejaa maboksi mpaka dirishani, gundi, utepe wa kufungia na mizani ya kupimia vifurushi. Alipoona kitambulisho cha polisi alikaa juu ya vitambaa vya mteja.

"Mimi ni mshonaji, afande. Majarida ni ya kuongezea tu."

"Sijaja kwa ajili ya biashara yako. Toleo namba 522 ulilouza wiki tatu zilizopita. Lina muhuri wa nyumba ya wageni."

"Yule mama!" Mshonaji alishika shavu. "Alinipa nyota moja, nikasema leo nimekwisha. Kesho yake akanibadilishia, akanipa tano. Akaniandikia Mungu akubariki. Sikuelewa kwa nini."

Inspekta hakumweleza. "Karatasi ya katikati uliitoa wapi?"

"Ipi? Hilo jarida lilikuwa zima."

"Ina matundu manane."

Mshonaji alitazama sakafu. Alikuwa mwanamke wa kama miaka hamsini, vidole vimejaa alama za sindano, na kusema uongo kulimchosha haraka.

"Wateja wanahesabu kurasa, afande. Hawasomi. Sitini na nne zikitimia wanaridhika. Nilichomeka tu, sikuangalia hata kama imeandikwa."

"Sikugombezi. Uliitoa wapi?"

"Kuna boksi la mabovu. Yale yaliyochanika majalada, siuzi, nayatumia kuziba mapengo." Aliingia chumba cha pili, akasogeza maboksi manne, akarudi na la tano akilisukuma kwa goti. "Hili hapa. Lilikuja limejaa, mazuri nilishayauza. Yamebaki haya."

"Limetoka kwa nani?"

"Kila boksi naandika ubavuni namba ya aliyeniletea na siku. Mteja akilalamika kunguni, nijue wa kumlaumu."

Akaligeuza. Ubavuni, kwa kalamu nene nyeusi, paliandikwa tarehe ishirini na mbili ya mwezi uleule, mwaka uleule, na chini yake namba ya simu.

Inspekta hakuhitaji kuitafuta. Namba ile ilikuwa imejitokeza kwenye kioo cha simu yake mwisho wa kila mwezi kwa miaka minne. Hata hivyo, alitoa simu, akaandika tarakimu moja moja huku akisoma ubavuni, kwa sababu kazi ni kazi. Alipofika tarakimu ya mwisho simu ikamletea jina alilolihifadhi mwenyewe: Mume wa Muuguzi.

"Unamkumbuka?"

"Vizuri. Alikuja nalo kwa gari. Nilitaka tupatane bei, hakutaka. Alisema yatoke tu leo. Nikamuuliza, ya nani haya, mbona yametunzwa hivi? Akasema ya mke wangu, hayahitaji tena."

Tarehe ishirini na mbili ni siku tisa baada ya binti kupotea. Tarehe ishirini na tatu mume alikaa mbele ya Inspekta, akalia kwa leso, akaeleza kwamba mkewe aliyagawa majarida yote mwenyewe kabla ya kusafiri. Inspekta alikumbuka kwamba alimpa maji.

Alivaa glavu. Ndani ya boksi kulikuwa na majarida kumi na moja. Alifungua 417: fumbo limejazwa lote, kwenye kona saa mbili zimeandikwa, ya kuanza na ya kumaliza. 414, vilevile. Chini kabisa alikuta jarida lisilo na jalada, limechanwa vibaya, kama lililonyakuliwa kwenye mkono wa mtu. Ukurasa wa tatu uliandikwa Toleo Namba 418. Halikuwa na karatasi ya katikati.

Alitoa karatasi ya fumbo, ambayo Mzee Kucha alimchomolea, kwenye mfuko wake wa plastiki na kuilaza mahali pake. Matundu ya juu yakakutana na matundu ya juu. Ya chini yakakutana na ya chini. Doa dogo la chai lililoanzia ukurasa wa thelathini likamalizikia pembeni mwa fumbo, bila kupishana hata kidogo.

Uzi ukakatika hapo. Ijumaa asubuhi, saa mbili na dakika kumi, binti alikuwa nyumbani kwa mumewe, akinywa chai.

"Afande, nimefanya kosa?" mshonaji aliuliza.

"Umefanya," Inspekta alisema. "Usingelifanya, tusingejua."

Akampigia sajini. Aliongea maneno machache, akataja jina la mtaa na namba ya nyumba. Kisha aliandika orodha ya vielelezo, kimoja kimoja, akampa mshonaji asaini, akalibeba boksi mwenyewe mpaka garini. Lilikuwa jepesi.

*

Ujumbe wa sajini uliingia alipokuwa akiegesha nje ya nyumba ya mama. Tuko naye. Hajauliza kwa nini.

Mama alifungua mlango kabla hajabisha. Begi lilikuwa palepale, limefungwa, na juu yake sweta.

"Umekuja kuniaga, mwanangu."

"Shikamoo, mama. Naomba tukae."

"Marahaba." Mama hakusogea. "Nimefundisha miaka thelathini na tano. Nikimwambia mzazi naomba tukae, nilikuwa najua ninachotaka kumwambia."

Walikaa. Inspekta alimweleza kwa mpangilio, bila kupamba, kwa sababu mtu huyu alikuwa amepambiwa miaka minne. Kutu. Matundu manane. Majibu ya toleo 419. Mama alisikiliza akiwa ameshika magoti, akiuliza pale tu aliposhindwa kufuata.

"Kwa hiyo hakuwahi kufika kwenye ile nyumba ya wageni."

"Hakufika, mama. Jalada ni la jarida jingine."

"Na fumbo ni la Ijumaa."

"Ijumaa ile. Tarehe kumi na nne."

"Lakini alipanda basi Alhamisi."

"Hakupanda."

Kwenye rafu ya ukutani majarida yalisimama kwa mpangilio wa namba, mgongo kwa mgongo, na mapengo machache yaliyoachwa wazi kwa makusudi. Mama aliyatazama hayo badala ya kumtazama mgeni wake.

"Mkwe wangu alimwona akipanda."

"Ndivyo alivyosema."

"Boksi lilikuwa la nani?"

Inspekta alimwambia.

"Mmekosea." Mama alisema bila hasira, kama anayesahihisha daftari. "Huyu kijana ndiye aliyeniwekea duka kwenye simu. Alikaa hapo ulipokaa. Alinishika kidole akanionyesha, mama, bonyeza hapa." Akakitazama kidole. "Tumpigie. Atatueleza."

"Tuko naye kituoni, mama."

"Amesema nini?"

"Bado hajasema kitu."

"Hata hajauliza kwa nini amekamatwa?"

Inspekta alitazama begi la mlangoni. Mama alikuwa amezoea kusoma nyuso za watoto wasiotaka kujibu. Alijiinamia, akalia kwa muda mrefu bila sauti.

Alipomaliza, mama alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Unayo hiyo karatasi?"

Inspekta aliitoa, ikiwa ndani ya plastiki, akaiweka mezani. Mama akavaa miwani.

"Nipe kalamu. Nimmalizie."

"Siwezi, mama. Nisamehe. Ni kielelezo cha mahakamani."

Mama aliitika kwa kichwa. Sheria alizielewa. "Yamebaki maneno mangapi?"

"Matatu."

"Nisomee."

Inspekta alifungua daftari. "Mnyama mwenye shingo ndefu. Herufi tano."

"Twiga."

"Hutumika kushonea nguo. Herufi saba."

"Sindano."

"Dada wa baba. Herufi nane."

"Shangazi," mama alisema, akavua miwani, akaipangusa kwa kanga. Akaivaa tena. "Haya hata watoto wangu wa darasa la pili wangeyajaza."

"Ndiyo, mama."

"Basi hakushindwa."

"Hakushindwa."

Mama aliisogeza karatasi karibu na macho, akapapasa kona ya juu kwa kidole, juu ya plastiki. Inspekta alikuwa ameitazama kona ile mara mia, na kila mara alisoma saa tu: 2:10. Sasa naye aliona. Kando ya saa kulikuwa na mstari mfupi wa kalamu, umenyooka, unasubiri saa ya kumaliza.

"Alishachora na mstari," mama akasema.